Kutafuta mahali pa kuvua Mto Clark Fork, Missoula: mwongozo kamili kwa mvuvi mgeni

Samaki wangu mkubwa wa kwanza Marekani nilimvua magharibi mwa mji wa Missoula, jimbo la Montana, chini kidogo ya pale Mto Bitterroot unapoingia Clark Fork. Alikuwa paiki, mrefu kama mkono wangu toka bega hadi vidole, mdomo umetandazwa kama wa bata na meno kama misumari. Nilimbeba nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto. Tukampika na nyanya na bizari, tukaita majirani waliotoka Uvira, Kongo, ikabaki mifupa. Wiki mbili baadaye mzee mmoja wa Fizi aliyenitangulia kukaa mji huu aliniuliza nilimtoa wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani. Alinyamaza kwanza.

"Mwanangu," akasema, "samaki wa kipande hicho cha mto tumeshaonywa tusiwale."

Sikupata usingizi vizuri usiku ule, maana watoto wa jirani nao walikula. Tangu hapo nimeujifunza mto huu kama nilivyolijua Ziwa Tanganyika nilipokuwa mdogo Kigoma, na mwongozo huu ni kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa Missoula: Wakongomani walioanza kufika hapa kama wakimbizi mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Montana kutoka Tanzania na Kenya, na yeyote aishiye karibu na mto uliowahi kuchafuliwa.

Wenyeji wengi hapa huvua na kumwachia samaki aende zake. Wakikuelekeza mahali, watakwambia samaki anakula wapi, basi. Kwetu samaki ni kitoweo. Kwa hiyo mahali pa kuvua ninapahesabu kuwa ni mahali pakishajibu maswali matatu: Samaki wapo? Nina haki ya kusimama hapa? Na nikimtoa, analika? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, na jibu lake halionekani majini. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na samaki akawa mnono kabisa.

Hatua ya kwanza: jua historia ya mto kabla ya kununua ndoana

Clark Fork unaanzia upande wa Butte na Anaconda, kusini mashariki ya hapa, kwenye nchi ya shaba. Waliotoka Lubumbashi au Kolwezi hawahitaji maelezo marefu: palipo machimbo na tanuru za kuyeyushia pana pia mabaki, na mabaki lazima yaende mahali. Butte ilikuwa miongoni mwa machimbo makubwa ya shaba duniani, na kwa miongo mingi mabaki yake yaliachwa yatiririke kwenye kijito cha Silver Bow, ambacho ndicho chanzo cha mto wetu. Ndani yake kulikuwa na shaba, aseniki, risasi, zinki na kadmi.

Mwaka 1908, tajiri wa shaba William Clark alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujenga bwawa la umeme pale Milltown, kilomita kama 10 juu ya Missoula, mahali Mto Blackfoot unapokutana na Clark Fork. Mwezi Juni mwaka huohuo yakaja mafuriko makubwa. Yalizoa mabaki ya machimbo, yakayateremsha kilomita karibu 190, na bwawa jipya likayadaka. Tope la sumu likajipanga nyuma ya ukuta huo kwa miaka karibu mia.

Mwaka 1981 aseniki ilikutwa kwenye visima vya maji ya kunywa vya Milltown, na mwaka 1983 serikali kuu ikaingiza eneo hilo kwenye orodha yake ya maeneo yenye sumu yanayopaswa kusafishwa. Februari 1996 ilitokea jambo lililowaamsha hata waliokuwa wanasitasita. Mabonge ya barafu yaliteremka na mto yakielekea kwenye bwawa, maji ya bwawa yakashushwa haraka ili kuuokoa ukuta, tope la chini likachokonolewa, shaba ikaenda na maji na kuua samaki huku chini. Hatimaye, tarehe 28 Machi 2008, ukuta ukafunguliwa na mito miwili ikaungana bila kizuizi. Zaidi ya yadi za ujazo milioni 2 za tope zilichimbwa na kupakiwa kwenye treni, zikarudishwa upande wa Anaconda zilikotoka, mahali paitwapo Opportunity.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndiyo ramani yako. Kwa mvuvi wa Missoula mto huu umegawanyika vipande vitatu, na kila kipande kina jibu lake.

Kipande cha juu, kuzunguka Deer Lodge, bado kina shaba kwenye kingo zake. Utaona viraka vya ardhi tupu vyenye chumvi ya rangi ya kijani na buluu, pasipoota hata jani. Mvua kubwa ya kiangazi ikipiga pale, chumvi ile huoshwa na kuingia mtoni. Usafishaji unaendelea. Mimi siendi huko kutafuta kitoweo.

Kipande cha kati, kuanzia Milltown hadi pale Bitterroot unapoingia, ndicho cha kwetu. Kinapita katikati ya mji, kinafikika kwa miguu, na Blackfoot unakiongezea maji baridi.

Kipande cha chini, kuanzia mdomo wa Bitterroot hadi mdomo wa Mto Flathead, ndicho nilikomtoa paiki wangu. Katikati yake, karibu na Frenchtown, palikuwa na kiwanda kikubwa cha karatasi kilichofungwa mwaka 2010. Samaki wa kipande hiki walipimwa wakakutwa na sumu za viwandani ziitwazo dioksini, furani na PCB, na mwaka 2020 jimbo likashauri watu wasile samaki wa aina yoyote wa kipande hicho, urefu wa kilomita karibu 170. Mama mmoja aliniuliza kama kumkausha sana samaki au kumchemsha na ndimu kunasaidia. Hapana, dada zangu. Dioksini hukaa kwenye mafuta ya samaki na moto wa jikoni hauiunguzi. Ngozi na mafuta ukiviondoa unapunguza tu kiasi. Vua huko kwa kujifurahisha ukipenda, kisha mwachie.

Angalia pia ushauri wa jimbo zima kuhusu zebaki, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au mtoto mdogo. Zebaki iko kwenye nyama yenyewe, haikatwi kwa kisu. Kwa kawaida samaki mkubwa, mzee na mla samaki wenzake ndiye anayebeba nyingi. Ile tabia yetu ya kumchagulia mama mjamzito samaki mnono kuliko wote, hapa igeuze: mpe mdogo.

Hatua ya pili: karatasi na haki ya kusimama

Idara inayohusika ni Montana Fish, Wildlife & Parks, wenyeji huiita FWP. Utahitaji vitu vitatu: leseni ya hifadhi, kibali cha kuzuia viumbe vamizi wa majini, na leseni yenyewe ya kuvua. Mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Machi. Kama ni mwanafunzi au mgeni, uliza bei inayokuhusu kabla ya kulipa, kwa sababu mkaazi na asiye mkaazi hawalipi sawa. Chukua na kijitabu cha kanuni, usome sehemu ya wilaya ya magharibi. Kanuni hubadilika mara kwa mara, na pia kipande kwa kipande cha mto. Mahali pengine unaruhusiwa chambo bandia tu, pengine samaki fulani lazima arudishwe. Ukienda kaskazini kwenye ardhi ya makabila ya Salish na Kootenai, leseni ya jimbo peke yake haikutoshi.

Sasa habari njema, ambayo wengi wetu hatuijui na tunaogopa bure. Montana ina sheria ya mwaka 1985 inayompa kila mtu haki ya kutumia mto kwa kuvua na kujiburudisha hadi alama ya kawaida ya maji kujaa, hata kama shamba la kando lina mwenyewe. Alama hiyo utaiona kwa macho: ni pale mawe na mchanga vinapokoma na nyasi za kudumu na miti kuanza. Ukiwa chini ya mstari huo, uko kwenye haki yako. Masharti ni kwamba uingie kupitia mahali pa umma: daraja la barabara ya umma, bustani ya mji, au kituo cha wavuvi cha FWP chenye kibao cha kahawia kando ya barabara. Usikatize shamba la mtu ili ufike mtoni. Na mtu akikufokea, usibishane naye hata kama sheria iko upande wako. Msalimie, jieleze, ondoka, kisha uliza FWP.

Hatua ya tatu: angalia ramani na namba ukiwa nyumbani

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu. Tafuta vitu vinne: kona kali ya mto, kisiwa, maji meupe yanayofuatiwa na maji ya giza, na mahali kijito kinapoingia. Weka alama kila unapoviona. Usiku mmoja utapata sehemu kumi, na nusu yake zitakuwa za bure, lakini nusu iliyobaki inatosha msimu mzima.

Kisha angalia wingi wa maji. Idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ina vituo vya kupimia juu na chini ya Missoula, na namba zake zinawekwa wazi kwenye intaneti saa zote. Hupimwa kwa futi za ujazo kwa sekunde. Namba 2,000 ni kama mita za ujazo 57 zikipita mbele yako kila sekunde. Mwezi wa 5 na wa 6, theluji ya milimani ikiyeyuka, namba hupita 10,000 na mto huwa rangi ya chai ya maziwa, umebeba magogo. Wakati huo kaa mbali. Mwishoni mwa kiangazi hushuka, mawe yakaonekana, na kila mahali pakasomeka. Kanuni yangu mwenyewe: namba ikizidi 4,000 siingizi mguu majini, navua nikiwa ukingoni. Nimeogelea ziwani tangu sijaanza shule, na bado maji haya yalinibeba siku moja yakiwa magotini tu, kwa sababu mawe ya chini yana utelezi kama yamepakwa sabuni. Maji ya theluji hukata pumzi kabla hujapata nafasi ya kuogelea. Vaa jaketi la kuokolea, shika fimbo ya kujiegemeza, na usiende peke yako.

Hatua ya nne: nenda kwanza bila mshipi

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo iliyonifunza zaidi. Siku ya kwanza mahali papya acha vifaa nyumbani. Kaa juu ya ukingo nusu saa, tazama.

Ziwani samaki hutembea na mtu humfuata. Mtoni chakula ndicho kinachotembea na samaki hungoja. Anachotaka ni mahali pa kupumzika pasipo na nguvu ya maji, karibu kabisa na mahali chakula kinapopita. Kwa hiyo usiyatazame maji ya kasi wala yaliyotulia. Tazama mpaka wa hayo mawili. Utaona mstari kama mkunjo wa nguo, mara nyingi wenye povu, upande mmoja maji yanakimbia na upande mwingine yanajivuta. Povu linapopita ndipo wadudu wanapopita. Samaki yuko upande wa polepole, pua yake imeelekea juu ya mto.

Jiwe kubwa lina sehemu tatu za kutupia. Nyuma yake ndipo kila mtu anapotupa. Mbele yake, pale maji yanapogonga na kujikunja, pana maji tulivu kama mto wa kulalia, ambayo samaki mkubwa huyapenda, na wachache hupajaribu. Ubavuni ni mkunjo ule niliousema.

Maji meupe ya kina kifupi juu ya changarawe huishia kwenye ngazi: chini panabadilika ghafla kutoka rangi ya mchanga kuwa kijani iliyoiva. Hapo ndipo kilindi kinapoanza, na samaki hujipanga kwenye ngazi hiyo kama watu kwenye foleni ya maji. Sehemu ya katikati ya kilindi, kubwa na tulivu, huwavutia wageni, ila saa nyingi za mchana ndiyo maskini kuliko zote.

Kisha inama ugeuze jiwe moja lililo majini, la ukubwa wa sahani. Nilipofanya hivi mara ya kwanza karibu na chuo nilikuta vijumba vidogo vya changarawe, virefu kama punje ya mchele, vimegandishwa kwa ustadi kiasi kwamba nilidhani ni sehemu ya jiwe. Kimoja kikatoa kichwa cheusi na miguu. Ni buu la mdudu, limejijengea nyumba yake. Kando yake palikuwa na mdudu bapa mwenye mikia miwili, akikimbilia upande wa chini. Wadudu hawa ni chakula cha trauti, samaki wa maji baridi, na ni ushahidi pia, maana wengi wao hawavumilii shaba nyingi wala maji yaliyokosa hewa. Jiwe lililojaa wadudu linakupa habari njema kuhusu maji. Jiwe tupu, lenye ute tu, likupe tahadhari. Lakini jiwe halikwambii habari za dioksini, kwa hiyo rudi hatua ya kwanza kabla ya kula. Rudisha jiwe lilivyokuwa.

Hatua ya tano: mahali penyewe, kutoka juu kwenda chini

Anza Milltown. Kwenye bustani ya jimbo iitwayo Milltown State Park, panda kwenye kilima cha kutazamia uone mito miwili inavyokutana pale lilipokuwa bwawa. Majira ya kuchipua Clark Fork mara nyingi huja na tope na Blackfoot rangi nyingine, na mstari wa makutano unaonekana wazi. Anayetoka Uvira ameshauona mstari kama huo pale Ruzizi inapoingia ziwani, na anajua kwamba samaki huupenda. Wasalishi, wenye nchi hii tangu zamani, waliita eneo hili la Bonner kwa jina lenye maana ya mahali pa trauti buli wakubwa, na pale ulipo mji wa Missoula wakapaita mahali pa trauti buli wadogo. Ukitaka ramani ya wavuvi iliyo kongwe kuliko zote, ni majina hayo.

Ukishuka, East Missoula kuna kituo cha wavuvi cha Sha-Ron. Kizuri, ila kiangazi kuanzia adhuhuri hujaa vijana wanaoelea juu ya matairi wakiteremka mjini. Nenda alfajiri au uende mwezi wa 9.

Sehemu yangu ninayoipenda ni njia ya Kim Williams. Inaanzia chuoni, chini ya mlima Sentinel, na kuelekea mashariki kwenye korongo la Hellgate ikifuata tuta la reli ya zamani. Hakuna magari. Wajenzi wa reli walipanga mawe makubwa ukingoni ili mto usile tuta, na mawe hayo leo ni nyumba za samaki: maji yana kina hatua mbili tu kutoka unaposimama, na kivuli cha mlima hukaa muda mrefu asubuhi. Tembea dakika ishirini zaidi kuliko wengine wanavyotembea, utakuwa peke yako. Usitupe mbali. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nikitupa katikati ya mto, kumbe samaki wako chini ya viatu vyangu.

Ng'ambo, upande wa kaskazini karibu na daraja la miguu la Van Buren, kijito cha Rattlesnake kinaingia. Kina maji baridi, na bwawa lake la zamani liliondolewa mwaka 2020. Samaki hukimbilia mdomo wa kijito baridi wakati wa joto kama watu wanavyokimbilia kivuli cha mwembe. Kwa sababu hiyohiyo, midomo ya vijito baridi mara nyingi huwa na kanuni zake kali. Usitupe hapo kabla hujasoma kijitabu.

Katikati ya mji, karibu na Caras Park, kuna Brennan's Wave, wimbi lililotengenezwa kwa mawe mwaka 2006 kwa ajili ya wapiga kayaki. Jioni wakiondoka, kando ya wimbi hilo pana mikunjo mizuri ya maji. Wenye watoto wadogo waende McCormick Park, kuna bwawa dogo la kuvulia watoto, bila mkondo wa kuwachukua. Mabasi ya mji, Mountain Line, hayana nauli, kwa hiyo kukosa gari kusikuzuie.

Magharibi, kisiwa cha Kelly kina mikono mingi ya maji, vichaka, na samaki. Hapo ndipo mpaka: pale Bitterroot unapoingia, ndoo ya kitoweo inafungwa.

Hatua ya sita: joto na saa

Nunua kipima joto cha bei ndogo ukifunge kwa kamba. Trauti hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 17 hivi. Yakipita 20 anahangaika kupata hewa, na ukimpigisha mieleka halafu ukamwachia, anaweza kufa baadaye ukidhani umemsaidia. Maji yakifika nyuzi karibu 23 siku tatu mfululizo, FWP hufunga uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Angalia tangazo kila asubuhi mwezi wa 7 na wa 8.

Mwezi wa 3 na wa 4, kabla ya mto kujaa, alasiri ndiyo saa nzuri. Mwishoni mwa mwezi wa 8 na wa 9 wahi asubuhi. Utaona wadudu weusi wadogo kama mbegu za ufuta wakicheza juu ya maji kama moshi, kisha wakaanguka, na trauti wakawa wananyonya kimyakimya kando ya povu. Kipupwe, jua likiwa limetoka, tafuta vilindi vya polepole na utupe chini kabisa.

Hatua ya saba: mjue uliyemshika

Kosa hapa linaweza kukupeleka mahakamani, kwa hiyo soma polepole.

Trauti buli analindwa na sheria ya nchi nzima. Mto huu hakuna ruhusa ya kumchukua, na hata kumlenga hairuhusiwi. Mtambue kwa pezi la mgongoni: limekaa wazi, halina doa jeusi hata moja. Mwili wake una madoa hafifu ya manjano na waridi. Pezi la mgongo likikosa weusi, mrudishe papo hapo, bila kumtoa majini, hata kama ni mkubwa wa kulisha ukoo.

Katithroti, mwenyeji mwingine wa mto huu, ana mistari miwili myekundu chini ya taya, kama amechorwa kwa kidole kilichochovywa rangi. Yeye naye hulazimika kurudishwa sehemu nyingi. Trauti wa upinde wa mvua ana mkanda wa waridi ubavuni. Waliotoka Nyeri wanamfahamu. Trauti wa kahawia ana madoa meusi na mengine mekundu yenye duara jeupe. Hawa wawili waliletwa, na kijitabu kitakwambia wangapi na wa urefu gani.

Sasa kitoweo chenyewe. Samaki ninayewashauri ndugu zangu ni waitifishi wa mlimani. Ni mwenyeji, wapo wengi, na kiwango cha kuchukua ni kikubwa kuliko cha trauti. Ana mdomo mdogo ulioelekea chini, magamba makubwa ya fedha, na pezi dogo la nyama karibu na mkia. Wavuvi wengi wa hapa humdharau. Mimi namshukuru. Mvutie kwa ndoana ndogo iendayo chini kabisa, na akigusa utahisi kama mtu amekugonga begani kwa ncha ya kidole. Mpare, mpasue, mpake chumvi na pilipili, mbanike kwa moshi wa mti wa tufaha. Mama jirani yetu wa Uvira alipomwonja alinyamaza, akachukua wa pili, ndipo akasema, "Huyu anaelewa ugali."

Kwa utakayemrudisha: kabla ya kuanza, bonyeza kijino cha ndoana kwa koleo kilale. Lowesha mikono. Mshike ndani ya maji, kichwa kielekee juu ya mto, hadi atakapoondoka mwenyewe.

Hatua ya nane: safisha, kisha andika

Ukitoka, toa tope lote, mwaga maji, kausha viatu na wavu kabla ya kwenda mto mwingine. Kibali cha viumbe vamizi ulichonunua kinahusu hili.

Kisha daftari. Sikumbuki mahali hata pamoja bila daftari. La kwangu lina tarehe, saa, mahali, joto la maji, namba ya USGS, samaki na alikuwa wapi hasa. Mfano: "Septemba 14, saa 1 asubuhi, Kim Williams, mawe ya tuta, nyuzi 12, namba 1,450, waitifishi 4, trauti wa kahawia 1 amerudishwa, wote ndani ya mita mbili za ukingo." Baada ya miaka miwili kurasa hizo zinakwambia uende wapi kesho.

Safu ya mwisho ina neno moja tu la kujaza: analika? Ile ya paiki niliijaza kwa kuchelewa, kwa kalamu nyekundu.